Jumapili Baba Alipoombwa Atubu Miti

Mchungaji alinikuta jikoni namenya ndizi, mikono imejaa utomvu, akakataa kukaa. Nikajua kuna jambo. Mchungaji wetu ni kijana, rika la mwanangu wa mwisho, na akija kwa shughuli za kawaida hukaa kabla hujamkaribisha, kisha anauliza chai iko wapi. Siku hiyo alisimama mlangoni akizungusha funguo za pikipiki kidoleni.

"Mwalimu," akasema, "ni kuhusu Mzee. Na ile miti."

"Miti gani?"

"Ile ya kisimani."

Akanieleza. Wakubwa wa kanisa walikuwa wameagiza kila kanisa litenge Jumapili moja ya uumbaji. Watu wasiimbe tu juu ya milima na mito. Watoke nje wapande miti, na watubu jinsi walivyoiharibu dunia. Sisi wa huku karibu na Kanyakine tungepanda miti ya kienyeji pale kisimani. Kungekuwa na mgeni, daktari wa theolojia kutoka chuo cha wachungaji upande wa Embu, pamoja na wanafunzi wake. Na wazee wa kanisa walikuwa wameonelea ingefaa sana kama Baba angesimama mbele ya watu akaliweka lile jambo nuruni.

Nilikasirika hapo hapo. Mimi hasira zangu haziji polepole, waulize niliowafundisha.

"Mtu wa miaka zaidi ya tisini," nikamwambia, "haoni, sikio moja limeziba, nimtoe kitandani nimpeleke akaaibishwe?"

"Si kuaibishwa, Mwalimu. Ni kutubu."

"Haya, niambie tofauti."

Aliangalia sufuria, akasema Bwana asifiwe, akaenda. Nilibaki nimeshika kisu, na ukweli ni kwamba hata mimi ningeulizwa tofauti hiyo nisingeijua. Nilizikatakata zile ndizi vipande vidogo mno, zikaiva zikawa uji.

Jambo lenyewe ni hili. Zamani, kabla sijaanza shule, kisima chetu kilikuwa kimezungukwa na msitu mdogo. Katikati palikuwa na mugumo mkubwa, mti wa jamii ya mkuyu, na kando yake mti wa muringa na miti mingine ambayo leo hata majina yake watu wamesahau. Wazee wa mila walikuwa wakichinja mbuzi pale wakiomba mvua. Hakuna aliyeokota hata kijiti cha kuni mle ndani. Kisha uamsho ukaja, Baba akaokoka, akawa mwinjilisti wa moto kweli kweli. Siku moja yeye na ndugu wenzake wa wokovu waliingia na mashoka huku wakiimba, wakaangusha mugumo, wakauchoma moto ukiwa mbichi. Uliwaka kwa shida siku nyingi. Hakuna aliyekufa, na watu wengi wakaokoka kwa sababu hakuna aliyekufa.

Huo ndio ulikuwa ushuhuda wa Baba. Kila mkutano mkubwa aliitwa akautoa, na mimi niliusikia mara nyingi hata ningeweza kumsaidia akikwama. Shoka lenyewe lilitundikwa sebuleni kwetu, juu ya redio. Wageni walionyeshwa shoka kabla ya kuonyeshwa watoto.

Na mjue Baba alikuwa mtu wa aina gani. Katika ushirika wa Alhamisi, desturi ya ndugu ni kwamba dhambi husemwa kwa jina lake, mbele ya wote, bila kuzungukazunguka. Hukusema "nimekosea." Ulisema, "Niliiba jembe la jirani, lile lenye mpini mpya." Baba ndiye aliyekuwa akiwabana watu mpaka wafike kwenye huo mpini. Nakumbuka mama mmoja alilia kwa sababu ya kibaba cha maharagwe alichopunja, na Baba hakumwachilia mpaka ataje ni maharagwe ya nani. "Dhambi ukiifukia haiozi," alipenda kusema, "inaota." Sasa walikuwa wanamtaka yeye, na sikujua kama nimwonee huruma au niseme shika na wewe uone.

Kulikuwa na sehemu nyingine ya hadithi ambayo haikuwa kwenye ushuhuda. Msitu ulipokwisha, ndugu waliona si vizuri mahali pale pabaki wazi, pepo wasije wakarudi. Wakapanda mikaratusi, ile tunayoiita blugamu, mistari imenyooka kama ya shambani kwa misheni. Baba alieleza kwa uhakika kabisa kwamba pepo wa kwetu hawawezi kukaa kwenye mti uliotoka ng'ambo. Hawaujui, na wenyewe hauwajui. Mnacheka? Sisi hatukucheka. Tuliita ule mti mti wa Kikristo. Nilipoanza kufundisha, nami niliwapeleka watoto wa darasa la sita kisimani kuongeza mistari mingine, na nikawaandikia ubaoni kwamba kupanda miti ni kutunza mazingira.

Blugamu ilikunywa kile kisima. Ilichukua miaka, lakini ilikinywa chote. Kwanza mama walianza kungoja debe lijae, kisha kungoja kikombe, kisha wakawa wanapita tu. Baadaye tulikata blugamu zenyewe, lakini visiki vyake vinachipua mpaka leo na maji hayajarudi.

Daktari alikuja wiki mbili kabla ya hiyo Jumapili. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilitegemea mtu mwenye tai na maneno marefu, kumbe ni mwanamke mdogo kwangu, viatu vya raba, mzaliwa wa Embu, anayekula githeri yako yote na kuomba kuongezwa. Alikuwa anaandika juu ya makanisa na misitu ya matambiko. Nilimuuliza moja kwa moja: "Wewe ni mtu wa Mungu. Kumbe unataka turudi kuchinja mbuzi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi Baba alikosea nini?"

"Sijui kama alikosea," akasema. "Waliokuwa wakiomba pale hawakuwa wakiomba anavyoomba yeye. Lakini waliutunza msitu. Na sisi tunaoamini Mungu ndiye aliyeuumba, tukaukata. Mimi hapo ndipo nimekwama, na nimesoma mpaka nikawa daktari."

Hilo jibu liliniudhi. Nilitaka aseme Baba ana makosa ili nimfukuze, au aseme hana makosa ili nimpeleke kwa mchungaji. Msomi gani tena anakuja nyumbani kwako kukuambia amekwama?

Akaniambia niandamane naye siku moja nikaone msitu ambao haukukatwa. Tulipanda gari lake, tukapita Nkubu, tukapita Chuka, tukaacha mashamba ya chai na ndizi tukashuka Mbeere, kule chini Embu, kwenye jua na vumbi. Kumekauka kule. Mbuzi, miiba, mawe, na ghafla kwenye kilima kidogo, miti mirefu imesimama pamoja, kijani kabisa. Tulipokelewa na mfugaji mmoja mwenye kofia ya kampeni, mzee wa kanisa. Nilipouliza kama anaamini mambo ya msitu, alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mimi? Mimi nimeokoka, mama. Hayo ni mambo ya ushenzi."

"Basi mbona hamkuukata mkachoma makaa? Na vile kuna shida huku."

Akacheka sana, akanipa panga lake. "Shika. Anza wewe."

Sikuanza. Niliingia tu hatua chache, na ndani kulikuwa na baridi nzuri, ndege wanapiga kelele, udongo umelowa wakati nje watu wanatafuta maji kwa punda. Nikasikia naanza kuomba. Ngai, Mungu wangu! Nikashtuka. Mimi, binti wa mwinjilisti, naomba ndani ya msitu wa matambiko, na sijui ombi langu linamwendea nani. Nilitoka haraka, nikamwambia daktari nina kiu. Njiani kurudi nilinyamaza mpaka Runyenjes, na mimi si mtu wa kunyamaza. Yule mfugaji alikuwa ameokoa msitu kwa sababu ya kuogopa kitu asichokiamini. Baba alikuwa ameumaliza wa kwetu kwa sababu ya kuamini bila kuogopa. Nilijaribu kupanga hayo mambo mawili kichwani, yakakataa kupangika.

Nilipofika nyumbani, Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje, anaota jua.

"Umetoka wapi, mwari?" Mwari ni binti, hivyo ndivyo anavyoniita hata sasa nilivyo bibi wa watu.

Nikamwambia yote. Msitu, mfugaji, panga, mchungaji, Jumapili. Nilimwambia pia kwamba si lazima, kwamba anaweza kuwa mgonjwa siku hiyo, mimi nitasema. Alisikiliza kwa sikio lake zima, kidevu juu ya mkongojo.

"Wanataka niseme yote?"

"Wanataka utubu, Baba."

"Nimeuliza kama wanataka yote."

"Nafikiri hivyo."

Kisha akaniambia nimshushie shoka. Nililitoa pale juu ya redio, nikampa. Akapitisha vidole kwenye mpini, juu na chini, taratibu. Mpini umelainika kabisa mahali pa kushikia, hata una bonde dogo la kidole gumba. Nilimtazama nikawaza jinsi anavyozeeka. Mpini wenyewe sikuuwazia.

"Jumamosi uninyoe," akasema. "Na hiyo Jumapili mkalimani uwe wewe. Sitaki hao vijana wanaoongeza maneno yao."

Nilikubali, na kutoka hapo sikulala vizuri. Nilikuwa naogopa mawili. Kwamba angekataa kutubu, watu wamwone mkaidi, na hiyo ndiyo iwe picha yake ya mwisho kanisani. Au kwamba angetubu, na maisha yake yote yavunjike mbele yangu kwa dakika tano, halafu nirudi naye nyumbani na shoka ambalo halina maana tena. Nilienda mpaka Makutano kumnunulia soksi mpya, eti za kumvalisha siku ya kuaibishwa, nikajicheka mwenyewe pale dukani mpaka muuzaji akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia siko.

Siku ikafika. Ibada ilianzia kanisani, kisha tukashuka kwa maandamano hadi kisimani, kwaya mbele, watoto wamebeba miche kwenye karatasi zake nyeusi, Baba kwenye kiti cha magurudumu tulichoazima, shoka mapajani. Hilo la shoka hakuna aliyemshauri. Wanafunzi wa daktari walikuwa wametoka kila pembe ya nchi, Kimeru hawakijui, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kazi kweli. Mnajua jinsi ukalimani wa kanisani unavyokwenda: mhubiri anasema sentensi, unasema sentensi, na ukisema unasema "mimi," kana kwamba ni wewe. Nimeifanya kazi hiyo tangu ujana na huwa nasifiwa.

Mchungaji akampa kipaza sauti. Baba akaanza pale pale anapoanzaga.

"Tulikuja na mashoka tukiimba," akasema kwa Kimeru.

"Tulikuja na mashoka tukiimba," nikasema kwa Kiswahili.

Alieleza mugumo ulivyoanguka, moto ulivyokataa kuwaka. Watu waliitikia kwa vichwa, ushuhuda wanaujua. Nilianza kupata nafuu. Nikadhani atamalizia kwa amina, kama kawaida yake, tupande miti, twende tukale.

"Siku hiyo tulikata mti mmoja," Baba akasema.

"Siku hiyo tulikata mti mmoja."

"Mingine yote niliikata mimi. Peke yangu. Kwa miaka minne."

Nikatafsiri. Nilisikia sauti yangu inasema miaka minne, na nikaona wazee wa kanisa wanatazamana.

"Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu nilisema ni kazi ya Mungu. Nilichoma makaa. Hapa kwetu hakuna ambaye angepikia makaa ya msitu ule, kwa hiyo niliyapeleka Makutano, kwa watu wasiojua yametoka wapi."

Nikatafsiri hayo pia, lakini polepole, kwa maana nilikuwa nimeanza kuhesabu. Miaka minne. Nilikaa miaka minne shule ya upili, bwenini, binti wa kwanza kijijini kwetu kufika huko. Kahawa ndiyo iliyonisomesha. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na hivyo ndivyo nilivyowaambia wanafunzi wangu wote, kwamba msidharau kahawa. Nikakumbuka Baba akija kunichukua siku za kufunga shule, koti lake linanuka moshi, na mimi nikitembea hatua tatu mbele yake ili wenzangu wasijue ni wangu. Nikautazama ule mpini mapajani pake. Shoka la kazi ya siku moja haliwezi kulainika vile.

"Kila muhula," Baba akasema, "mti."

Sikusema kitu. Walionijua walikuwa wamekwisha elewa. Wale wanafunzi tu ndio walikuwa wananitazama wakingoja. Baba naye alikuwa anangoja, kichwa amekiinamisha upande wa sikio lake zima, kama anavyofanya nikichelewa.

"Kila muhula, mti," nikasema.

"Niliwabana wengi wenu hapa mtubu. Niliwaambia anayetubu husema hivi: ningerudi siku ile, nisingefanya."

Nikatafsiri.

"Mimi nikirudi siku ile, nitakata tena."

Ilinibidi niyaseme. Niliyasema kwa kinywa changu, kwa "mimi" ya mkalimani, mbele ya kile kisima kikavu: "Mimi nikirudi siku ile, nitakata tena." Machozi yalikuwa yananitoka, na sikujua ni ya aibu au ya upendo, na hasira yangu yote niliyokuwa nimemwekea mchungaji haikuwa na pa kwenda.

"Kwa hiyo kutubu huku sikuwezi," Baba akasema. "Na maji nimeyakausha, nalijua. Nalo linaniuma. Ndugu zangu, mnaojua, nionyesheni."

Mchungaji alifungua Biblia, akafunga. Nilimtafuta daktari kwa macho, maana kama kuna mtu alisoma kwa ajili ya siku kama hiyo ni yeye. Alikuwa amesimama kati ya visiki, daftari limefungwa, anafuta pua kwa mgongo wa mkono. Yule mama wa kibaba cha maharagwe, mzee sasa, ndiye aliyesogea akamshika Baba bega.

Baada ya muda Baba akauliza mche uko wapi. Tukamletea, mche wa mugumo, majani manne. Mchungaji akampeleka karibu na shimo lililokwisha kuchimbwa, akamwekea mche mikononi ili aanzishe, kama ilivyokuwa kwenye ratiba. Baba akaugusa jani kwa jani. Halafu akaunyoosha kando, kuelekea nilipokuwa.

"Panda wewe, mwari," akasema kwa sauti ya chini, kipaza sauti kikiwa kimeshaondolewa. "Wewe ndiwe uliyeula msitu."

Hiyo sikumtafsiria mtu. Nilipiga magoti na gauni langu la Jumapili, nikachana karatasi, nikaushusha mche shimoni, nikaanza kurudishia udongo. Wakati wote nilitafuta neno la kusema na Mungu, na kila nililoshika halikutosha. Kama ni asante, nilikuwa nashukuru kwa wizi. Kama ni nisamehe, nilikuwa namkana baba yangu, tena hatua tatu mbele yake. Mpaka leo sijui nilisema lipi. Nilishindilia udongo kwa viganja mpaka ukakaza, kisha nikaomba maji ya kumwagilia, na yule mama wa maharagwe akanipa chupa aliyokuja nayo kutoka nyumbani, kwa maana pale kisimani hapakuwa na tone.